Mke wangu mjamzito anarudi Jumamosi, mtoto ana tetekuwanga, na mimi nataka kujisingizia mchepuko

Bi Sikudhani, shikamoo. Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama gazeti lenu linatoka Jumapili basi nisaidie hata nje ya gazeti, maana hapa nilipo nimekaa uani kwangu Ipagala, Dodoma, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto kalala ndani kapakwa dawa ya rangi ya waridi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, shangazi yangu ananichungulia kupitia dirisha nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na mimi natafuta maneno ya kumwambia mke wangu kwamba nina mwanamke mwingine, mwanamke ambaye sina.

Nijieleze kwa mpangilio. Naitwa Yotham, fundi wa madirisha ya alumini, na kazi ninayo kwa sababu hapa mjini kila mtu anajenga. Mke wangu ni Anitha, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wetu ni Cecilia, miaka mitano, na kuna mwingine tumboni ana miezi mitano. Mwezi uliopita Anitha aliitwa Iringa kusahihisha mitihani ya darasa la saba, akaniachia mtoto mzima, ngozi laini, hana hata mkwaruzo, na karatasi ya maelekezo akaibandika kwenye friji: asinywe soda, nywele zisukwe Ijumaa, ubuyu mara mbili kwa wiki na usizidi. Nimeisoma ile karatasi mbele na nyuma, hakuna mahali imeandikwa ukiona vipele fanya nini.

Vilianza Jumapili, vitatu, tumboni, nikasema mbu. Jumatatu asubuhi vilikuwa vingi, vimejaa maji, hadi kwenye kope na ndani ya masikio, mtoto anajikuna huku analia na mimi nimemshika mikono nalia kwa ndani, nikaona hapa mbu amesingiziwa, nikampigia shangazi Loisi, dada yake marehemu baba, akaja na basi kutoka kijijini akiwa na kuku mmoja na mamlaka yote. Alimtazama Cecilia mara moja tu akasema, "Tetekuwanga hiyo. Na wewe uliugua ukiwa na umri huu huu, ukalia kuliko huyu." Halafu akatoa sheria: mtoto asiguswe na maji siku saba, avalishwe sweta na kofia, alazwe kwenye blanketi, na Dodoma hii ya mwezi wa kumi unaijua Bi Sikudhani, upepo wa vumbi na jua linalokaanga bati, mtoto akawa anatokwa jasho mpaka vipele vinang'aa. Sheria ya mwisho ndiyo iliyonifikisha kwenye ndoo hii. Mke wangu asiambiwe.

Kwetu mwanamke mwenye mimba hapelekewi habari mbaya, na si maneno tu, tunalitekeleza. Baba yangu alipofariki, dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba huko Tabora, ukoo ukakaa kikao msibani, ikaamuliwa aambiwe baba kasafiri kwenda Manyoni kuangalia ng'ombe. Dada akawa anapiga simu kila wiki anauliza baba amerudi, anatuma salamu, anasema mwambieni nimemshonea koti, na sisi tunasema tutamwambia, hadi alipojifungua salama ndipo akaambiwa. Kwa hiyo shangazi aliposema Anitha asijue, mimi sikubisha, nilikuwa na uzoefu.

Sasa jirani yangu Mama Nasra, mwenyeji wa Kondoa kama wewe, alisikia mtoto analia akaingia na matawi ya mwarobaini, anasema mtoto aogeshwe, shangazi anasema haogeshwi, wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda wanaambiana "mama naomba unisikilize" kwa ile sauti ya watu wasiosikilizana, na mimi katikati nimeshika simu nasoma mtandaoni, nikaona mtu kaandika kwamba ukitia soda ya kuokea mikate kwenye maji ya kuoga muwasho unapungua. Dukani nikakosa. Nikakumbuka mke wangu anapikia mlenda magadi, na magadi si soda vilevile, tena yetu ni ya asili imechimbwa ardhini, nikasema hii itakuwa bora zaidi, shangazi alipotoka kwenda kumchinja kuku wake nikachukua kopo zima nikalisaga nikalimwaga kwenye beseni. Cecilia akachungulia yale maji, akaniangalia, akasema, "Baba, unanipika mlenda?" Nikamwambia hapana mwanangu, hii ni dawa ya wazungu, nikamtumbukiza.

Kelele ile ilisikika hadi kwa mjumbe. Mama Nasra aliruka akamtoa, akammwagia maji safi ndoo mbili, shangazi akatokea na kisu chenye damu ya kuku akiuliza nani kamlowesha mtoto, na tangu wakati huo Cecilia akiniona nimeshika chombo chochote, hata kikombe cha chai, anajificha chini ya meza. Ngozi haikutoka, ila ilikuwa nyekundu siku nzima. Hilo najilaumu hadi sasa na silitetei.

Mama Nasra akanipeleka duka la dawa. Yule binti wa pale alinipa losheni ya kalamini na dawa ya homa ya maji, akaninyang'anya kwa macho aspirini niliyomwonyesha, ambayo shangazi alikuwa ameshaanza kumpa mtoto nusu nusu, bahati nzuri mtoto anaitema. Akaniuliza mama yake yuko wapi, nikasema yupo safarini ana mimba, akasimamisha kalamu. "Aliwahi kuugua tetekuwanga?" Nikasema sijui. "Hujui?" Nikasema sijui. Akaniambia kama hajawahi asikanyage nyumba ile mpaka vipele vyote vikauke, maana inaweza kumletea homa ya mapafu na kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Nilitoka pale, Bi Sikudhani, nikakaa kwenye ngazi za duka watu wakawa wananiruka.

Na Anitha huwa anapiga simu ya video kila jioni anapotoka kwenye vyumba vya kusahihishia. Jumatatu nikasema bando limeisha. Jumanne nikasema kamera imepasuka. Jana nikapokea sauti tu, tunaongea vizuri, ananiambia mimba imeanza kucheza, mara Mama Nasra huko nyuma, anampaka Cecilia dawa, akasema kwa sauti yake nzuri ya upole, "Vua yote, geuka, nikuanzie mgongoni." Anitha akauliza, "Yotham, nani huyo?" Nikasema televisheni. Televisheni yetu iliungua mwezi wa tatu, na yeye ndiye aliyeipeleka kwa fundi ikashindikana. Akasema, "Sawa. Kazi inaisha Ijumaa. Jumamosi napanda basi la kwanza, na huyo televisheni nimkute hapo hapo." Akakata.

Shangazi aliposikia hakuhuzunika, alifurahi. Anasema Mungu amefungua njia. Mwache aamini una mwanamke, basi la Iringa linapita Mtera, kwao, atashuka kwa hasira aende kwa mama yake akae wiki mbili akikutukana, vipele vitakauka, magamba yatadondoka, kisha yeye shangazi ataenda Mtera na mbuzi kueleza ukweli. Anasema hasira haijawahi kuharibu mimba ya mtu, ingekuwa hivyo asingezaliwa mtu katika ukoo wetu, kinachoharibu ni mshtuko. Na mimi, nakuambia ukweli kwa sababu hunioni, nimeona ana hoja. Nimeshaandika ujumbe. Mwanamke nimempa jina Munira, anauza vioo, tumefahamiana kikazi. Umebaki kutuma.

Ila mkono unagoma. Nampenda sana mke wangu, sijawahi kumsaliti hata kwa kuwaza. Ana kishimo kidogo juu ya nyusi ya kushoto, kidogo tu, ndicho kilichoniponza tangu siku ya kwanza nilipokwenda kuweka madirisha shuleni kwao, na miaka saba hii nikigombana na dunia nzima nikirudi nikakiona kile kishimo natulia. Sasa nifikirie akisoma huo ujumbe ndani ya basi peke yake. Lakini nikimwambia ukweli apate mshtuko, mimba ikatoka? Au akaja kwa kumhurumia mtoto, akaambukizwa? Nitume au nisitume?

Ni mimi Yotham, Ipagala. Namba yangu iko chini, na chaji imebaki asilimia nne.

JIBU LA BI SIKUDHANI

Marahaba, Yotham. Jibu hili nakutumia Ijumaa asubuhi, gazeti litalichapa Jumapili. Kabla hujasoma mstari wa pili, futa ule ujumbe. Umefuta? Sasa endelea.

Mimi nimekuwa muuguzi mkunga miaka thelathini na moja, na ninaishi hapa Kikuyu, Dodoma hii hii, nikijibu barua za watu wazima wenye akili za watoto. Nimeletewa waume waliojificha kwenye makabati, na mmoja alijificha kwenye pipa la maji akatoka na nimonia. Wote walikuwa wanaficha mwanamke aliyekuwepo. Wewe ni wa kwanza kuniomba ruhusa ya kujificha nyuma ya mwanamke asiyekuwepo, tena umeshampatia na biashara.

Tuanze na mgonjwa, maana katika barua yako nzima mgonjwa ndiye anayeongea mara moja tu, na aliongea jambo la akili kuliko wote.

Magadi ni ya mlenda. Yanalainisha majani magumu, ndiyo kazi yake, sasa ulitegemea yatafanya nini kwenye ngozi ya mtoto yenye malengelenge? Kopo zima, Yotham. Hata mlenda wa msiba hautiwi kopo zima. Mkague leo kwenye mwanga: kama kuna mahali ngozi bado ni nyekundu au imechubuka, mpeleke kituo cha afya waione, na ukifika useme ulichofanya, usiwaambie ni televisheni.

Mtoto wa tetekuwanga anaoga. Shangazi Loisi, najua unasomewa hili, shikamoo mama, nisamehe, lakini anaoga. Maji ya uvuguvugu, matupu, muda mfupi, asisuguliwe, na akitoka akaushwe kwa kugusishwa taulo polepole. Jasho na vumbi la Dodoma vikikaa juu ya vipele ndivyo vinavyoleta usaha, na usaha ndio unaoacha makovu. Mwarobaini wa Mama Nasra sina ugomvi nao ukiwa kwenye beseni, mradi uchemshwe, uchujwe, upoe, na mtoto asinyweshwe hata kijiko. Sweta na kofia mvue. Mvalishe kigauni cha pamba kilichochakaa, au mfunge kipande cha khanga ya mama yake, atafurahi pia na harufu. Kucha zikatwe fupi leo hii. Usiku avae soksi mikononi, atajikuna lakini hatajichana. Losheni ya kalamini ni ya kupaka penye muwasho, si rangi ya nyumba, kwa hiyo hiyo ya utosini hadi nyayo acha, na isiingie machoni wala mdomoni wala kwenye kidonda kilichopasuka.

Aspirini itupe, na nasema hivi kwa kila mzazi anayesoma hapa: mtoto mwenye tetekuwanga hapewi aspirini, inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Homa ikipanda mpe ile dawa ya maji mliyopewa dukani, kwa kipimo cha uzito wake, na dawa nyingine ya maumivu usimwongezee kwa kubahatisha. Kama ana vipele mdomoni, ubuyu utamchoma, mpe uji uliopoa na mtindi na maji mengi, ubuyu wake umwekee akiba. Ukiona homa haishuki, au kipele kimevimba kina joto na usaha, au anapumua kwa shida, anatapika mfululizo, amelegea na haamki vizuri, au jicho limeingiliwa, hapo hupigi simu kwa shangazi wala kwangu, unambeba unaenda hospitali. Na asiende kucheza na wenzake mpaka kipele cha mwisho kiwe gamba kavu. Hayo ndiyo ya mtoto. Wala hayakuhitaji vita.

Sasa hii desturi yenu. Siicheki, kwetu Kondoa nayo ipo kwa namna yake, na walioianzisha walikuwa wanamhurumia mwanamke. Lakini nikuulize kuhusu dada yako wa Tabora. Alijifungua salama, umeniambia. Je, lile koti alilomshonea baba yake alilifanya nini? Siku alipojua kwamba miezi miwili amekuwa akimtumia salamu mtu aliye kaburini, na ninyi mnapokea salamu hizo mnasema zimefika, alisema nini? Barua yako haina jibu, na nadhani haina kwa sababu hamkumuuliza. Mlihesabu mtoto katoka salama, mkafunga kikao.

Na safari hii desturi imegeuka juu chini hata kwa hesabu zake yenyewe. Mnamficha mjamzito habari ili mimba isipate madhara, na kinachoweza kuidhuru mimba ni yeye kuingia mlangoni bila habari. Shangazi anaogopa mshtuko wa simu. Basi na afikirie mshtuko wa mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano anayefungua mlango akitafuta mchepuko, anamkuta mtoto wake wa waridi, anamkumbatia kabla hamjasema neno. Maana msidhani angeshuka Mtera. Mke aliyeambiwa kuna Munira hashuki njiani, anaongeza mwendo.

Nilipofika kwenye kile kishimo, Yotham, ndipo nilipoacha kusoma. Nilirudia mara mbili. Kidogo, juu ya nyusi, na mimi kazini nimeona vingi vya namna hiyo. Nikaweka miwani mezani nikakupigia, kwa sababu mimba haisubiri gazeti. Ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, ukapokea kwa sauti ya kazi, "Alumini, karibu." Nikakuambia mimi ni nani, nikakuuliza swali moja tu: kile kishimo alikipata wapi? Ukanijibu, "Kipo tu, Bi Sikudhani. Ndivyo alivyo."

Nikakupa dakika kumi umpigie mkeo umwambie yote, kwa mpangilio, na umalizie kwa kumuuliza swali hilo hilo. Ukaniuliza je, akipata mshtuko. Nikakuambia anasahihisha Hisabati za darasa la saba mwezi mzima, ameshaona makubwa kuliko hayo.

Hukurudi baada ya dakika kumi. Ulirudi baada ya dakika arobaini, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeoshwa kwa magadi. Uliyonieleza nayaandika hapa kwa sababu Anitha mwenyewe ameniruhusu, alinipigia jioni yake. Kwanza alilia, na hakulia kwa ajili ya tetekuwanga. Alilia kwa sababu tangu jana yake alikuwa anaweka vema na kosa kwenye karatasi za watoto wa watu huku kichwani anamwona mwanamke amelala kwenye shuka zake. Halafu akauliza Cecilia anakula, akauliza nani anampaka, akaagiza Mama Nasra ashukuriwe. Aliposikia habari ya magadi alisema hilo atalizungumza akifika, mimi siliingilii. Mwisho ukamuuliza swali langu.

Akasema, "Kishimo? Si ni tetekuwanga hiyo. Niliugua nikiwa darasa la pili, mama akanifunga soksi mikononi, nikakikuna kipele cha juu ya jicho kwa meno ya kitana. Yotham, miaka saba unakisifia hicho kishimo, hujawahi kuniuliza kimetoka wapi?"

Mtu aliyekwisha kuugua kwa kawaida huwa na kinga mwilini mwake, na mimba inanufaika nayo. Lakini mimi sitoi vipimo kwa simu, wala kishimo si cheti. Kwa hiyo mtafanya hivi, na Anitha ameshakubali. Jumamosi atashuka Mtera kweli, si kwa hasira, kwa mpango, amuulize mama yake kwa sauti ilikuwa tetekuwanga au surua, alale, ale samaki. Jumatatu aende kliniki yake ya wajawazito, awaambie kuna mgonjwa nyumbani na yeye aliugua utotoni, na wakitaka kumpima damu apimwe. Nyumbani aingie wakimruhusu. Na wajawazito wengine mnaosoma hapa ambao hamjawahi kuugua, au hamna hakika, na mmekaa karibu na mgonjwa: nendeni hospitali siku hiyo hiyo mnayojua. Msisubiri kipele.

Wewe leo jioni utapiga simu ya video. Kamera imepona, nimeiponya mimi. Utamwonyesha Cecilia jinsi alivyo, na mwache aeleze mwenyewe alivyotaka kupikwa. Mama Nasra umpe mkono wa shukrani na umwombe radhi kwa kumwita televisheni. Shangazi Loisi mwache abaki wiki hii, anampenda mtoto na kuku wake hakuwa na kosa, ila beseni asikabidhiwe. Na mpigie dada yako wa Tabora, umuulize lile koti liko wapi. Akilia, usikate.

Kisha Jumatatu, ukimpokea mke wako pale kliniki, usianze na kishimo, kile umeshakisifia vya kutosha. Anitha aliniambia ana kovu refu kwenye goti la kulia, unaliona kila siku, nalo hujawahi kuliuliza. Anza na hilo.